Mlawi wa Ukoo Gani?

Elibariki alilifunga tela la kanisa, akalifungua, akalifunga tena. Saa mbili asubuhi ya Jumamosi bado alikuwa Carrollton, kwenye maegesho ya ukumbi wao wa ibada. Mara ya kwanza Celestine, kiongozi wa kwaya, alitaka kuweka viatu vyake. Mara ya pili alitaka kuhakikisha kama viatu vyake vimo. Mara ya tatu Elibariki alimwachia kamba mkononi, akaenda chooni, maana angebaki angemjibu vibaya.

Kanisa lao, la wahamiaji, halikuwa na jengo. Walikodi ukumbi wa shule, na kila Jumapili Elibariki, Mtanzania aliyefanya kazi katika ghala moja ughaibuni, huko Fort Worth, alifika saa mbili asubuhi, ibada ikiwa saa nne, kuteremsha spika, kinanda, ngoma na mimbari. Msaidizi wake alikuwa Mama Généreuse, Mkongo wa miaka hamsini na kitu, mwenye mgongo imara kuliko waimbaji wote kumi na wawili. Waimbaji wenyewe walikuja watu wakishakaa. Walijiita Walawi, kama lile kabila la Biblia lililohudumu katika nyumba ya Mungu. Celestine, nesi Mkenya aliyewaongoza, ndiye aliyewapa jina hilo, akawashoneshea na majoho meupe. Mwezi uliopita alitangaza kwamba jukwaani hapandi mtu asiye Mlawi.

"Na spika zitapandishwa na nani?" Elibariki aliuliza.

"Wewe utazipandisha mapema, kabla watu hawajafika."

Jumamosi hiyo walikuwa wamealikwa mji wa Pearland, kwenye ibada ya pamoja na kanisa la huko. Walifika saa saba. Elibariki akafungua tela, akasimama akitazama. Mahali pa kasha jeusi la nyaya palikuwa na sanduku kubwa la nguo.

"Dada Celestine, kasha la nyaya liko wapi?"

"Aki, hilo ilibidi tulitoe ukiwa choo. Majoho yangejikunja."

"Mmeliacha Carrollton?"

"Kwa parking, karibu na mti. Ni nyaya tu, Eli. Si wenyeji wako na zao?"

Mzee Kimutai, aliyewapokea, alitikisa kichwa. "Sisi huimba na kayamba tu. Mlituandikia mnakuja na vyombo vyote."

Mama Généreuse alishika kiuno. "Mi niliona banaitoa, nikafikiri ni weye uliwaruhusu."

Spika nne, kinanda kimoja, mashine ya sauti, na hakuna hata waya mmoja wa kuviunganisha. Elibariki alikuwa amezivuta kwa saa tano barabarani, na sasa zilikuwa na faida sawa na mawe.

"Celestine," alisema, "wewe ni Mlawi wa ukoo gani?"

"Ukoo?"

"Kohathi, Gershoni, au Merari?"

Celestine aliwatazama wenzake. "Wa kuimba."

"Waimbaji walikuja baadaye sana! Kule jangwani Walawi walikuwa wapagazi. Kohathi walibeba vyombo vitakatifu mabegani, hawakupewa hata gari la ng'ombe. Gershoni walibeba mapazia. Merari walibeba mbao, nguzo, vigingi na kamba. Na kila kitu kilitajwa kwa jina, mtu na mzigo wake, hadi kigingi. Unajua kwa nini? Mimi naona ni ili asitokee mtu akasema, 'ni kamba tu'!"

"Usinipigie kelele mbele ya wageni," Celestine alisema.

"Wageni ni sisi!"

Saa tisa ibada ilianza. Walawi walipanda jukwaani bila maikrofoni. Kipoza hewa cha ukumbi kilikuwa kikinguruma kama lori, na kuanzia safu ya nne hakuna aliyesikia kitu. Bibi mmoja alimuuliza jirani yake kama wameshaanza. Elibariki alikaa nyuma kabisa, mikono mapajani, kwa mara ya kwanza bila kazi. Alidhani angefurahi. Badala yake kila wimbo uliopotea ulimkera zaidi, kama anayetazama mtu akifunga mzigo vibaya. Wimbo wa tatu ulipoanza alishindwa kuvumilia, akaenda ukutani akazima kipoza hewa.

Sauti zikasikika. Joto la kiangazi cha Agosti nalo likaingia. Mzee Kimutai alichukua kayamba, watu wakasimama, na majoho meupe yakaanza kugandamana na migongo. Celestine aliimba jasho likimwingia machoni, wala hakujifuta.

Baada ya ibada alivua joho, akamfuata Elibariki pale spika zilipokuwa zimeshushwa bure. Akashika upande mmoja wa spika.

"Nzito hivi?"

"Nyanyua kwa magoti, siyo mgongo."

Waliitua chini mara mbili kabla ya kulifikia tela. "Sikuwa najua," Celestine alisema, akaondoka akijikanda kiwiko. Elibariki akakaribia kumsamehe.

Alikuwa akikaza kamba simu ilipolia. Celestine alikuwa amefungua kundi la WhatsApp, "Wana wa Merari," yeye mwenyewe akiwa msimamizi. Ujumbe wa kwanza ulisema Walawi wote wafike Jumapili kubeba, na kwamba sare itajadiliwa: rangi ya zambarau au ya udongo.

"Sare!" Elibariki alimsomea Mama Généreuse. "Sare ya kubebea spika!"

Mama Généreuse alicheka hadi akakaa juu ya ngoma. "Amesema bafike saa ngapi?"

Elibariki alitazama tena. "Saa mbili kamili asubuhi. Saa ileile yetu."

"Basi mwandikie zambarau."