Baiskeli Ambayo Haikupita

Nesi wa chanjo alifika duka la pikipiki saa tatu asubuhi, saa nzima kabla ya muda aliopangiwa, akiwa amevaa viatu vyake vya kutokea. Kwa miaka kumi na moja alikuwa amezunguka mtaa kwa mtaa kwa miguu, sanduku la chanjo begani. Sasa yeye na mumewe, ambaye alikuwa seremala, walikuwa wamejikamua mpaka wakanunua pikipiki. Ilikuwa nyekundu. Ilisimama mbele ya duka ikiwa imefutwa mpaka unaweza kujitazama uso kwenye tangi, na taa ya mbele ilikuwa bado na plastiki yake.

Aliyemkabidhi alikuwa mwanamume mfupi mwenye ovaroli safi na kalamu mbili mfukoni, mtu asiyejua neno haraka. Alianza na karatasi, akalinganisha namba ya injini na ile iliyoandikwa, tarakimu kwa tarakimu. Akamkalisha nesi kwenye siti na kumrekebishia vioo vya pembeni mpaka aone barabara badala ya mabega yake mwenyewe. Akapima upepo wa matairi mbele yake, akamwonyesha kidirisha cha kutazamia oili, akamfundisha klachi inavyopaswa kucheza kidogo kabla ya kushika.

"Petroli iliyomo ni ya kukufikisha kituo cha mafuta tu, usije ukasema tumekuibia," alisema. Kisha akaweka mkono juu ya tairi la mbele. "Sasa hapa nisikilize vizuri, dada. Tairi jipya linateleza. Linatoka kiwandani na ngozi laini, mpaka barabara ilisugue. Breki nazo bado hazijakaa sawa. Kwa hiyo kilomita mia mbili za mwanzo, kona unaingia polepole. Breki ya mbele unaishika kwa vidole viwili, si kwa ngumi. Na usipakie mtu. Hata mtoto. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, kaka."

Hakuwa amemwelewa, kwa sababu hakuwa anamsikiliza. Simu ilikuwa inatetemeka mkobani, wenzake wa kliniki wakidai picha, na karibu maneno yote ya yule bwana yaliingia sikio hili yakatokea lile. Na huyu ndiye nesi ambaye kila siku ya Mungu aliwashika akina mama mikono na kuwaambia, "Hebu rudia nilichokwambia," akawafokea walioshindwa kurudia. Alitia saini mahali palipoandikwa kwamba ameelezwa na ameelewa. Akawasha, akaondoka, akatia petroli njiani. Alfajiri ile mvua ilikuwa imenyesha.

Nyumbani alimkuta mama mkwe wake amesimama mlangoni, amejifunga kitambaa kipya kichwani. Mama mkwe alikuwa fundi cherehani, na nusu ya mtaa ilivaa nguo zilizopita mikononi mwake.

"Imefika!" alisema, akaizunguka pikipiki mara mbili. "Mwanangu, mimi uzi mweusi umeniishia. Nipeleke dukani."

"Mama, yule kaka alisema tusipakie mtu kwanza."

"Kwa nini? Inaumwa?"

"Alisema tusubiri kidogo."

"Mimi nimesubiri miaka sitini na tatu. Sogea mbele."

Nesi alicheka. Angeweza kukataa. Lakini naye alitaka waonekane, na hilo alilijua pale pale, kabla mama hajainua mguu. Walipita mtaani polepole, mama amemshika kiuno kwa mkono mmoja huku wa pili akipungia watu kama mgeni wa serikali. Mwenye duka la viatu aliwapigia makofi. Nesi akajikuta anaongeza kasi.

Kona yenyewe ilikuwa nyuma ya ghala la saruji, mahali pasipo na nyumba wala duka, lami nyeusi ikiwa bado na unyevu. Hapakuwa na kitu barabarani, hata kuku. Aliingia kona kwa kasi kuliko alivyodhani, akashtuka, akakamata breki ya mbele kwa ngumi nzima. Gurudumu likachomoka chini yake. Aliposimama, goti lake linavuja damu, alimwona mama mkwe amekaa ukingoni mwa mtaro, kitambaa kimemshuka usoni, akiutazama mkono wake wa kulia kana kwamba ni wa mtu mwingine. Kifundo kilikuwa kimepinda.

Dereva wa teksi aliyepita baadaye ndiye aliyewapeleka hospitali.

Seremala alifika mbio, vumbi la mbao bado nyweleni. Alimtazama mama yake kitandani, akamtazama mkewe.

"Imekuwaje?"

Nesi alikuwa amejiandaa kusema kweli. Lakini alipouona uso wa mumewe, mdomo ulijibu wenyewe.

"Kuna baiskeli ilitukatiza."

Mama mkwe aligeuza kichwa juu ya mto, akamtazama mkwewe kwa muda, macho makavu.

"Tena hakusimama hata kusema pole," alisema mama mkwe.

Basi, ikawa baiskeli. Nesi alijifariji kwamba baiskeli isiyo na mwenyewe haimdhuru mtu. Usiku na mchana alimhudumia mama mkwe, akamwosha, akamchana nywele, akamlisha kwa kijiko. Majirani wakamsifu kwamba mkwe wa namna hii siku hizi hapatikani, na kila sifa ilimchoma kama sindano. Hawakuizungumzia kona hata walipobaki wawili chumbani. Cherehani ilikaa imefunikwa shuka, na wateja walioleta vitambaa walivifuata mmoja mmoja wakaenda navyo kwa fundi mwingine.

Lakini seremala hakuwa mtu wa kuacha jambo lipite. Kila aliyekuja kujulia hali alimuuliza: nani huendesha baiskeli nyuma ya ghala saa zile? Siku ya tano jirani mmoja akasema, bila ubaya wowote, kwamba anayekatizaga pale ni Kengele.

Kengele alikuwa muuza mikate, mwanamume mwembamba wa makamo, mpole, aliyepewa jina hilo kwa sababu ya kengele ya baiskeli yake, ambayo ilikuwa saa ya kuamshia mtaa mzima. Kesho yake alipofika mlangoni kwao kama kawaida, seremala alikuwa anamngoja. Alikamata usukani kwa mikono miwili.

"Umemvunja mama yangu mkono halafu unatuletea mikate?"

"Mimi?" Kengele alidhani anataniwa, akaanza kutabasamu. "Fundi, mbona sikuelewi?"

"Jumanne. Nyuma ya ghala."

"Jumanne mimi sikutoka. Rimu ilikuwa imepinda, baiskeli ililala kwa fundi. Nenda kamuulize."

"Atasema ulichomtuma aseme. Usinifanye mtoto."

Majirani walikuwa wameshatoka, mswaki mdomoni, watoto wamebebwa. Mwanamke mmoja aliyekuwa ameshachukua mkate wake aliurudisha kwenye kreti. Nesi alisimama dirishani nyuma ya pazia, kikombe mkononi. Alichotakiwa kufanya kilikuwa hatua sita tu, kutoka dirishani hadi mlangoni. Aliziona zote sita. Hakupiga hata moja.

Seremala aliishusha kreti chini, akaikokota baiskeli mpaka karakana yake na kuifungia katikati ya mbao. "Utaichukua siku utakayokubali kosa lako," alisema. Kengele aliokota mikate miwili iliyokuwa imeanguka, akaipangusa, akaitia mfukoni mwa koti, akajitwika kreti kichwani. Hakutukana. Afadhali angetukana.

Baada ya hapo nesi hakuweza kula. Siku mbili baadaye alikuwa anatoka kliniki kwa miguu, kwa sababu pikipiki hakuitaka hata kuiona, alipokutana naye njiani. Shati la Kengele lilikuwa limelowa mgongoni na kreti ilikuwa bado nusu imejaa, ingawa saa nne ilishapita. Aliitua chini kwa adabu ili apate kumsalimia.

"Dada nesi, mama anaendeleaje?"

"Anaendelea vizuri."

"Tunashukuru." Alijifuta jasho kwa mkono wa shati. "Dada, mimi nina neno moja tu. Wewe ulikuwepo pale. Mumeo hakuwepo, majirani hawakuwepo. Wewe ulikuwepo. Ni mimi uliyeniona?"

Aliuliza bila hasira, kama mtu anayemuuliza mwenye saa ni saa ngapi. Hata yeye alikuwa ameanza kujitilia shaka, nesi aliliona hilo machoni pake.

"Mambo yalikwenda haraka," nesi alisema. "Sikumbuki vizuri."

"Haya," Kengele akasema. "Ukikumbuka utaniambia." Akainama kuichukua kreti.

Nesi alitembea mpaka mwisho wa barabara. Alikaa juu ya tofali, sare yake nyeupe na yote, watu wakipita. Uongo wa hospitali ulimponyoka, hilo angeweza kulisema mbele ya mtu yeyote. Lakini huu wa sasa alikuwa ameuchagua, akimtazama mtu usoni, na mtu huyo akamwambia "haya".

Alikwenda moja kwa moja karakana. Seremala alikuwa anapiga randa mlango, redio inaimba, na baiskeli imeegemezwa nyuma yake.

"Zima redio," nesi alisema.

Alimwambia yote akiwa amesimama: saini, simu, vidole viwili, ngumi, lami tupu. Alipofika kwa Kengele na swali lake, alimalizia kwa kunong'ona.

"Kwa hiyo nilimshika mtu bure," seremala alisema hatimaye.

"Ndiyo."

"Na wewe ulikuwa ndani."

"Nilikuwa dirishani. Nilikuwa naona."

Aliketi juu ya rundo la mbao. "Kuanguka hata mimi ningeanguka," alisema. "Hilo lisingetugombanisha. Lakini umeniacha nikamwaibisha mtu mzima mbele ya mtaa, kwa mikono yangu hii." Aliitazama mikono yenyewe. Nesi angependa apige kelele, lakini hakupiga.

Mama mkwe alipoambiwa kwamba siri imetoka, alipumua kwa nguvu.

"Usimlaumu huyu peke yake," alimwambia mwanawe. "Ni mimi niliyepanda kwa nguvu. Alinikataza. Uzi nilikuwa nao, kabati limejaa. Nilitaka tu wanione nimepakiwa. Sasa mtu mzima kama mimi nitasema nimevunjika mkono kwa sababu ya kujishaua? Aliposema baiskeli, nikaona hiyo hiyo."

Alasiri ile ile walikwenda watatu mpaka chumba cha Kengele, seremala akiikokota baiskeli, mama mkono umening'inizwa shingoni. Kengele alikuwa ameketi kizingitini anasugua kreti. Seremala aliomba radhi kwanza, kwa maneno machache, kichwa chini. Kisha nesi akasema yake. Alisema pia kwamba asubuhi ile njiani alikuwa anakumbuka kila kitu.

Kengele aliikagua baiskeli, akabonyeza matairi, akazungusha pedali.

"Baiskeli nimeipokea," alisema. "Na wewe fundi sina neno nawe, uliambiwa ukaamini. Mama naye naona ameshapata yake." Kisha akamgeukia nesi. "Lakini mimi sikuaibishwa hapa chumbani kwangu. Niliaibishwa mlangoni kwenu, saa moja asubuhi, watu wamejaa. Kesho nitapita saa ile ile."

Hakuwakaribisha ndani.

Nesi alifikiri angekufa kwa aibu, lakini mtu hafi. Saa moja kengele ililia, watu wakatoka, wengine kwa ajili ya mkate na wengine kwa kuwa walishanusa habari. Alitoka, akasimama kando ya baiskeli, akasema kwa sauti ya kusikika kwamba hapakuwa na baiskeli yoyote, kwamba alianguka mwenyewe kwa kutosikiliza alichoelekezwa, na kwamba Kengele alisingiziwa huku yeye, nesi, akijua. Mtu mmoja alicheka. Mama mwenye mtoto wa miezi minne, ambaye nesi alikuwa amemfokea kliniki juma lililotangulia, alimtazama kwa makini. Yule mwanamke aliyerudisha mkate siku ile alinunua miwili. Kengele alipokea pesa zake, akawahesabia watu chenji, akaondoka bila kumtazama nesi.

Watu walisahau upesi kuliko alivyotegemea. Kengele hakusahau. Aliendelea kusimama mlangoni kwao, akiongea na mama mkwe na kutaniana na seremala, lakini nesi akitoka yeye humpa mkate na kusema bei, basi. Imekwenda hivyo tangu wakati ule, na nesi hajaomba iwe vinginevyo.

Mkono wa mama uliunga, ila hauna tena nguvu ya kukatia vitambaa vizito. Kwa hiyo jioni nesi akirudi kazini, kabla hajavua sare, hukaa kwenye meza ya cherehani na kukata anavyoelekezwa.

"Fuata chaki," mama mkwe humwambia. "Usikimbie. Hebu rudia nilichosema."

Naye hurudia, neno kwa neno, halafu ndipo hufungua mkasi.