Unene wa Meza

Fundi simu yule ana mikono ya dhahabu na akili ya mtoto. Chini ya meza yake ya kazi, meza ya ubao mwembamba, alifunga kipande cha shaba, waya wa umeme mkali na swichi. Ukilaza simu hapo kifudifudi, kioo kinadhani kimeguswa na kidole. Alikuwa akiwachekesha wateja nacho.

Siku moja dada yake mdogo, mchumba wa watu, alikuja kupiga soga. Akailaza simu kifudifudi, kama mama yao alivyowafunza: ukizungumza na mtu, kioo kisikuite. Akaanza kumsema mama mkwe mtarajiwa: yule mama hata pumzi zako anazihesabu, heri kuishi na askari jela. Simu ilikuwa imezimwa sauti. Fundi akaona mwanga ukiwakawaka ukingoni mwake, akabonyeza swichi kwa goti, mzaha tu. Simu ikajipokea. Aliyekuwa akipiga ni mama mkwe mwenyewe, na binti alivyozidi kumsema, alisikia yote.

"Maneno nimesamehe," alisema mama huyo walipokwenda kumwomba radhi. "Hata mimi nilimsema wangu. Lakini kupokea simu makusudi ili nisikie, hiyo ni dharau. Mwanangu haoi dharau."

Binti akaapa kwamba hakuipokea. Fundi akainuka, hana pa kuweka uso.

"Mama, ni mimi. Nimekuja na chombo chenyewe, nitakuonyesha."

Akailaza simu ya dada yake kifudifudi kwenye meza ya sebuleni, akaomba mmoja wa wakwe waliokaa hapo aipige. Akaingia chini ya meza na suruali yake nzuri, akakiegemeza chombo kwenye ubao. Akabonyeza. Simu haikujipokea. Akabonyeza tena. Meza ilikuwa ya mbao ngumu, nene, na nguvu ya kile chombo haivuki upana wa vidole viwili. Alilijua hilo vizuri, maana ndilo alilokuwa akiwatambia wateja. Miguu ya wakwe aliiona yote, hakuna uliosogea.

"Ubao ni mnene," alisema kutoka huko chini. "Tutafute kitu chembamba..."

"Toka huko, baba. Nimeshaona. Sasa dharau ni ya nyumba yenu nzima."

Alitoka kwa magoti, haya imemjaa hadi masikioni. Dada yake aliiokota simu, akaitia mkobani bila kumtazama.

"Kaka," alisema taratibu, "si ungeniuliza tu? Meza hii nimeipangusa mara ngapi."