Mlenda wa Koo Mbili

Bupe hakuwa ameizoea bado nyumba ya wakwe zake huko Mkonze pale mama mkwe, Mama Sidonia, alipomtuma kuchuma mlenda. Mvua zilikuwa zimeshika na mboga za mwitu zimejiotea kila mahali. Bupe, mwalimu wa baiolojia aliyekulia Tukuyu, alirudi na kapu limejaa.

Mama Sidonia alichungulia, akacheka. "Huu si mlenda, mwanangu."

"Mama, kwetu ndio huu huu."

Mama Sidonia akaenda nyuma ya nyumba, akarudi na mche wenye majani membamba. "Mlenda ni huu."

Bupe akafikicha majani ya kila mche majini. Yote yakateleza. Wakatazamana.

"Tuangalie maua," Bupe akasema. "Majani hudanganya."

Wakainama pamoja. Ua la Bupe lilikuwa la njano, petali tano zilizoachana, na katikati vijiti vingi vya chavua. Chini ya jani zilining'inia nyuzi mbili kama masharubu. Ua la Mama Sidonia lilikuwa la zambarau, petali zimeungana kama kengele, na ndani vijiti vinne tu.

Bupe akafungua kitabu chake cha chuo, kisha akahakikisha kwenye simu. "Wako ni *Sesamum angustifolium*, familia ya Pedaliaceae. Ni ndugu wa ufuta."

"Ufuta!" Mama Sidonia akapiga makofi. "Utotoni kule Mlali nilichapwa kwa kung'oa ufuta wa baba nikidhani mlenda! Na wako?"

"*Corchorus olitorius*. Kitabu kinasema Tiliaceae, lakini siku hizi yuko Malvaceae, pamoja na bamia na pamba."

"Kahamishwa ukoo? Kwa kosa gani?"

"Hana kosa. Wataalamu walichunguza vinasaba, wakakuta ndugu zake wako kule."

Mama Sidonia akaligeuzageuza lile ua la njano. "Basi tupike vyungu viwili."

Noeli, mume wa Bupe, alipotoka kazini alikula vyote, akasema havina tofauti. Wanawake wakamzomea.

Asubuhi Bupe alikuta mama mkwe amesimama mlangoni, kashika kiua cheupe, kidogo kuliko punje ya mtama.

"Huyu naye wa ukoo gani?"

Bupe akakisogeza karibu na macho. "Sijui, mama. Ngoja nilete sindano, tukifungue."