Darasa la Malkia

Dada yangu ni fundi cherehani. Binti yake tulimpachika jina la Malkia kwa sababu humwiti akaja. Huja akipenda mwenyewe. Tulilitania hilo mpaka daktari alipotuambia ni usonji. Siku ile dada alirudi kibandani, akashona kola ya shati juu chini.

Kutafuta shule ndiko kulikomzeesha. Mkuu wa shule ya kwanza alimtazama Malkia akizunguka kama pia katikati ya ofisi, akasema, "Mama, hapa tunafundisha watoto wanaofundishika." Ya pili ilimpokea kwa mikono miwili. Siku moja nikaenda kumchukua mapema, nikamkuta stoo peke yake, kati ya mafagio na madawati mabovu, ameziba masikio.

"Anasumbua wenzake," mwalimu alisema bila haya.

Nilipomweleza dada, alikata uzi kwa meno, akafunga kibanda. "Harudi kule. Heri akae hapa miguuni pangu."

Lakini mtafutaji hachoki. Mteja aliyeleta sketi kupunguzwa alitutajia shule moja upande wa pili wa mji, yenye darasa dogo la watoto kama Malkia, nyuma ya jiko. Mwalimu wake, mama mnene mwenye sauti ya chini, hakumwita Malkia. Aliketi sakafuni, akaanza kupanga vifuniko vya chupa kwa rangi, kimya. Sisi tulisimama mlangoni kama watu wanaosubiri majibu ya hospitali. Hatimaye Malkia akasogea, akasukuma kifuniko chekundu mahali pake.

"Karibu, mwanangu," mwalimu akasema, bila kumgusa.

Mwaka ule tuliishi. Malkia alijifunza kungoja zamu, kuvaa viatu, kuonyesha picha ya choo akibanwa. Akasema "maji". Dada alinipigia simu nije mbio nisikie. Nilipofika, mwenyewe kashakunywa, hasemi tena. Tulicheka hadi machozi.

Muhula mpya mwalimu akahamishwa.

"Nimeomba nibaki," alimwambia dada kwenye simu, sauti ikimkatika. "Nimeomba hadi wamechoka kunisikia."

Darasa likatiwa kufuli, ndani wakaweka magunia ya unga. Mkuu wa pale alituambia tuvute subira, mwalimu mwingine ataletwa. Hakuletwa.

Malkia utamwelezaje? Kila asubuhi alivaa sare, akasimama mlangoni. Dada alipojaribu kumzuia, alijigonga kichwa ukutani. Basi akawa anampeleka. Mtoto anashika kufuli, analitazama, wanarudi. Nguo za wateja zikalala. Lile neno "maji" nalo likapotea.

"Dada, unamtonesha kidonda," nilimwambia.

"Akishika kufuli mwenyewe ndipo anaamini. Mdomo wangu haumtoshi."

Kisha ikafika asubuhi Malkia hakuvaa sare. Alikaa kitandani, amekumbatia magoti, anatazama ukuta. Nilidhani dada sasa atapumua. Alitoka uani, akaketi juu ya ndoo, akajifunika uso kwa gauni la mteja, akalia kwa sauti, mchana kweupe, majirani wakisikia.

"Amekata tamaa, mdogo wangu," alisema. "Hilo nalo amejifunza, tena bila mwalimu."

Gauni lile ilibidi tulifue upya. Tukaanza tena kuuliza: kwa wateja, zahanati, kwa yeyote mwenye mtoto kama wetu. Mpaka leo hatujapata.