Diski ya Nizi

Nilipomkuta bibi yangu uani, amechuchumaa mbele ya beseni la povu, nilidhani anaosha vyombo. Kisha akainua kitu cha mviringo kinachong'aa kama sahani mpya, akakifuta kwa upindo wa kanga.

"Kuruthumu, njoo uone," akasema kwa furaha. "Kilikuwa kichafu hiki!"

Ilikuwa diski ya Nizi, ile inayotunza mafaili ya kompyuta, imefunguliwa kwa bisibisi zangu mwenyewe na kusuguliwa kwa stiluwaya mpaka kila kilichokuwemo kikafutika.

Mimi na rafiki yangu Fidele tulikuwa tunaunda kompyuta ya banda letu la gemu hapa Kasulu. Nizi, yaani Nizigiyimana, kaka yake Fidele, ndiye aliyetufundisha kucheza, kwao Kibondo. Alikuwa akicheza mpira wa kwenye kompyuta huku akijirekodi, anatangaza mechi zake mwenyewe kwa makelele kama mtu wa redio. Alifariki mwaka jana. Baadaye radi ikaiunguza kompyuta yake, ikapona diski tu, na humo ndimo ilimobaki sauti yake. Mama yao, Vestina, hakuwa nayo mahali pengine popote. Fidele alimwahidi kwamba kompyuta yetu ikikamilika, atamsikia mwanawe.

Wiki nzima tulikuwa tumegombana. Fidele akiona kadi ya grafiki yenye feni tatu anasahau hata kula. Alitaka turudishe diski mpya niliyochukua kwa Haidari, muuza vifaa, pesa yake tuongezee kwenye kadi kubwa, halafu gemu tuziweke kwenye diski ya Nizi. Mimi nikasema kadi kubwa juu ya diski kuukuu ni kumvalisha suti mtu asiye na viatu. Picha zitakuwa nzuri, sawa, lakini mteja atasubiri gemu ifunguke mpaka aondoke.

"Unaidharau kwa sababu ni ya marehemu," akasema.

Hapo nikawaka. Nilichomeka diski zote mbili kwenye laptopu yangu, nikaanza kuhamisha folda ya Nizi kwenda kwenye ile mpya ili aone kwa macho yake. Diski kuukuu ikakwaruza, ikajivuta. Nikakatisha katikati. "Umeona?" Fidele akakubali, tukachukua kadi ya wastani. Nilifurahi kushinda, sikufikiria kitu kingine.

Jana yake alipokuja kwetu, Bibi Mwanahawa alimwuliza mbona kile chuma amekifunga kwenye kitambaa safi namna ile.

"Ni cha marehemu kaka yangu, Bibi," akajibu, akakiacha mezani kwetu.

Ningejua! Babu alipofariki, Bibi hakuruhusu mtu aguse kitu chake kabla yeye hajakiosha. Nguo, kofia, viatu, hata saa ya ukutani ilipita kwenye maji. Kwake, cha marehemu hukabidhiwa kwa aliyebaki kikiwa safi, na kukisafisha ni heshima ya mwisho. Na hakuna chuma kichafu mbele ya sabuni yake ya mawese.

"Bibi, umefanya nini?" Nilipiga kelele mpaka jirani akachungulia. "Umemuua mara ya pili!"

Fidele alikuwa ameingia nyuma yangu. Alilitazama beseni, akashika kichwa. "Mana yanje," akamwita Mungu wake kwa Kirundi. "Mana yanje."

Bibi alitutazama mmoja mmoja, povu likimchuruzika viwikoni. "Nilitaka Fidele akipokee kikiwa safi," akasema. Nilijionea haya kwa maneno yangu, lakini hasira nazo zilikuwa hazijaisha.

Fidele hakumlaumu. Aliingia ndani, akakaa mkekani, akampigia mama yake, maana alisema akichelewa hataweza tena. Akaweka simu sauti ya juu. "Mama," akaanza, "ile diski..."

Ndipo nikakumbuka ile folda niliyoikatisha. Nilirukia laptopu. Diski mpya ilikuwa bado imechomekwa. Yalikuwepo mafaili machache tu. La kwanza likagoma. La pili likagoma.

La tatu likafunguka, na chumba kizima kikajaa Nizi.

"Goooli! Mama! Mama we, njoo uone nilivyomfunga Fidele!"

Likakatika hapo hapo. Bibi alikuwa amesimama mlangoni, mkono wenye povu mdomoni.

Kwenye simu Mama Vestina akaitika, kwa sauti nyepesi ambayo sikuwahi kuisikia kwake tangu msiba.

"Nipo jikoni, mwanangu. Nisubiri, nakuja."

Tukasikia sufuria ikiwekwa chini, na kandambili zikikimbia kuelekea kwenye chumba cha Nizi, ambacho hakikuwa na mtu. Fidele aliishika simu kwa mikono miwili, na hakuna kati yetu aliyethubutu kumwita arudi.