Wavu wa Dagaa

Tangu asubuhi sungura alikuwa anajinyofoa manyoya ya kifuani, na Rozalia hakuweza kukaa chini. Alitoka jikoni, akaenda uani, akarudi. Watoto wangezaliwa leo hii, na wale wa uzao uliopita walikufa wote. Sakafu ya mbao ya kizimba cha zamani ililowa mkojo ikaoza, na ni yeye aliyesema mbao zinatosha. Binti yake Wema hakumsemesha siku mbili.

Safari hii Rozalia alichora kizimba mwenyewe: miguu mirefu, sakafu ya wavu ili uchafu udondoke, na chini yake trei ya bati ya kuvuta kama droo. Fundi Protais alisifu kila kitu isipokuwa wavu, ambao Rozalia aliubandua kwenye chanja kuukuu cha kuanikia dagaa ufukweni.

"Mama Wema, wavu huu umelala na dagaa miaka mitano."

"Utaoshwa. Wewe gonga misumari."

Ulioshwa kwa sabuni, kwa majivu, kwa ndimu. Sasa kizimba kilikuwa tayari, na ukutani walikaa paka wanne wa mtaa wa Gungu wakijilamba midomo. Sungura alijibanza kwenye kona, akapiga mguu: du! Akatulia. Du!

"Mama, humo hazai. Anaogopa."

"Naona, Wema. Nina macho."

Akawarushia paka kandambili. Mmoja akashuka, wawili wengine wakapanda. Akachukua simu.

"Fundi, leta mianzi iliyopasuliwa. Na usicheke."

"Sicheki, mama," alisema Protais, akicheka.

Alifika kwa bodaboda, mianzi begani. Sungura akahamishiwa kwenye beseni chini ya kitanda, Wema akimlinda. Rozalia alishika fito moja moja, akipima nafasi kwa kidole chake kidogo: kinyesi kipite, mguu usizame. Hakutaka fito zipigiliwe kwenye kizimba. Zifungwe pamoja kama mkeka, zitoke zikaoshwe.

"Mama! Anabeba manyoya mdomoni!"

"Fundi, fanya haraka!"

"Mikono ni miwili, Mama Wema. Ningekuwa na wa tatu, ungeutafutia kazi."

Sakafu ikaingia, kisha kiboksi cha nyasi kavu, kisha sungura. Protais alikunja ule wavu akaondoka nao, na paka wakamsindikiza hadi barabarani.

Rozalia alisimama akisubiri du. Haikuja. Sungura alinusa mianzi, akaingia kwenye kiboksi.

Adhuhuri alitoka, tumbo limenywea. Rozalia akajisugua mikono kwa nyasi kuficha harufu yake, akaipenyeza taratibu chini ya manyoya kiboksini.

"Wangapi?"

"Saba."

"Wazima?"

"Wananipiga mateke."

Wema alicheka, akamwegemea mama yake. Rozalia akakaa kwenye kigoda, kwa mara ya kwanza siku ile. Hata dakika haikuisha, akainuka kuvuta trei. Ilitoka bila kukwama.