Kadi ya Rubani

Kijiba cha roho kilimwingia Masese tangu siku kaka yake Angwenyi aliporudi nyumbani Masimba na begi la kijeshi begani. Heh! Mtu amerusha helikopta ya vita Somalia, amestaafu, pensheni anayo, si angekaa Nairobi ale maisha? Wapi! Amekuja kujitia kwenye kisiagi cha familia, mashine ya kusaga unga ambayo Masese amekula vumbi lake miaka kumi na miwili.

Na watu nao! Wateja waliokuwa wakimwita Masese "bosi" sasa walichungulia mlangoni na kuuliza, "Kapteni yuko?" Hata Purity, mkewe wa ndoa, alimpakulia Kapteni mnofu, yeye akaachiwa shingo ya kuku. Roho ilimuuma, wacha tu. Ikazidi kumuuma aliposikia mama yao, Celestine, atatoa funguo za kisiagi Jumapili, siku ya kuzindua mashine mpya aliyonunua Angwenyi. Tangu baba yao afariki, mama alizifunga funguo hizo kwenye pembe ya leso yake. Atakayepewa ndiye mkuu wa kisiagi. Na nani hakujua atapewa nani?

Basi Jumapili asubuhi, kabla watu hawajafika, Masese akalegeza nati mbili za puli, lile gurudumu linalozungusha mkanda wa mashine. Hakutaka kuua mtu, la. Alitaka mkanda uchomoke, mashine ipige makelele na kuzima, shujaa aaibike mbele ya Masimba nzima.

Watu wakajaa, sala ikasaliwa. Ndipo Angwenyi akatoa kadi ngumu mfukoni.

"Jeshini hatuwashi injini hivi hivi," akasema. "Mmoja anasoma, mwenzake anagusa kwa mkono na kujibu. Aliyekuwa akinijibu mimi aliitwa Ochanda. Hakurudi nasi. Masese, njoo unijibu wewe."

"Maringo tu," Masese akanong'ona. Lakini macho ya watu yote yalikuwa kwake, akaenda.

"Dizeli?"

"Tayari."

"Maji ya injini?"

"Tayari."

Wakati huo mama akainuka na ungo wa wimbi. Nyumbani kwao mashine mpya huonjeshwa wimbi na mama wa boma, hata ile ya zamani nyanya yao aliianza hivyo. Masese alilijua hilo tangu utotoni, lakini wivu ulikuwa umemsahaulisha. Mama akasimama kando kabisa ya mkanda.

"Nati za puli?"

Masese akagusa. Nati ikacheza chini ya vidole vyake.

"Masese, nati za puli?"

Akamtazama mama. Mama alikuwa akitabasamu, ungo mkononi.

"Bado," akasema. "Zimelegea. Mama, rudi nyuma! Rudi nyuma, nakuomba!"

Watu wakaguna. Angwenyi akainama, akajaribu nati mwenyewe. "Nani ana spana namba kumi na saba?"

Watu wakatazamana. Nani huja kwenye sala na spana? Masese akaingiza mkono kwenye mfuko wa koti lake la kanisani, akaitoa. Mama akaitazama ile spana, kisha akamtazama yeye, na tabasamu likamtoka.

Angwenyi akaipokea spana. Akazikaza nati, akasimama, akasoma tena. "Nati za puli?"

"Tayari," Masese akajibu.

Mashine ikanguruma vizuri. Vigelegele vikapigwa. Angwenyi akamnyooshea kadi na kalamu. "Weka sahihi hapo chini."

Masese akasoma. *Mkuu wa kisiagi: Masese. Msaidizi: Angwenyi.* Kadi ilikuwa imechapwa, na tarehe yake ilikuwa ya wiki iliyopita.

"Nilishamwambia Mama," Angwenyi akasema. "Mimi kuamrisha watu nimechoka. Kazi hii unaijua wewe."

Masese alitamani ardhi immeze. Huyu ndiye aliyemwonea wivu mwezi mzima! Akageuka polepole. Mama alikuwa ameshika pembe ya leso, fundo amelifungua nusu, funguo zinaonekana. Akaanza kulifunga tena, akalikaza kwa meno.

"Hizi nitakaa nazo kwanza," akasema, akaenda kukinga unga wake.